Tafuta Chanzo Kwanza: Hotuba kwa Wanaotaka Kutengeneza Nyumba Zao Wenyewe

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, na nyote mliotenga asubuhi hii kuja kujifunza kutengeneza nyumba zenu kwa mikono yenu, nawasalimu kwa heshima.

Nimeifanya kazi ya ufundi kwa muda mrefu, na siku hizi ninaifundisha. Jambo moja linaniuma kuliko mengine yote. Naona watu wenye bidii, wenye vifaa vizuri, wanaorudia kazi ileile kila mwaka. Ukuta unapakwa rangi, rangi inabanduka, unapakwa tena. Mikono yao haina kasoro yoyote. Kinachowaangusha ni kwamba walishika brashi kabla ya kujua kwa nini rangi ya kwanza ilibanduka. Ndiyo maana leo sitasema sana kuhusu namna ya kushika nyundo au kuchanganya saruji. Hayo mtayaona mezani baadaye. Nataka tuzungumze kuhusu kutafuta chanzo.

Tuanze na ukuta wenye unyevu, maana karibu kila nyumba inao.

Maji yanayoharibu ukuta huja kwa njia nne: kutoka juu, kutoka kwenye bomba, kutoka ardhini, na kutoka kwenye hewa ya chumba chenyewe. Kila njia ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ukipaka rangi ya kuzuia maji kwenye ukuta ambao bomba lake linavuja kwa ndani, umeyafungia maji mlango wa kutokea tu. Yatatafuta pengine pa kutokea, na mara nyingi yatatokea chumba cha pili.

Maji ya juu hujitambulisha kwa mvua. Doa hukua baada ya mvua, hukauka jua likiwaka siku kadhaa, na huacha kingo za rangi ya kahawia. Hapa wengi hupanda juu ya paa na kuziba sehemu iliyo juu ya doa, kisha mvua ijayo doa linarudi. Maji yakishapenya kwenye bati au kigae cha paa hutambaa juu ya mbao, yakafuata mteremko wake, na kudondoka mbali na tundu lenyewe. Ingia darini mchana na tochi, uzime tochi kwanza, utafute mwanga unaopenya. Kisha iwashe na ufuate alama za maji kwenye mbao kuelekea juu, hadi zinapoanzia. Na kabla ya kulaumu paa, angalia gata. Gata lililojaa majani hufurika, na maji hurudi nyuma na kushuka ukutani miezi mingi bila mtu kugundua.

Maji ya bomba hayajali mvua wala jua. Doa linabaki bichi mwaka mzima. Kipimo chake hakigharimu kitu: funga bomba zote za nyumba, soma mita ya maji, andika namba zote hadi zile ndogo za mwisho, kisha msitumie maji kwa saa mbili. Ukirudi ukakuta namba zimesogea, kuna mahali panapovuja. Funga koki ya tangi la choo pekee na urudie kipimo. Namba zikitulia sasa, mwizi yuko hapo, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Weka matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, usubiri robo saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana ndani ya bakuli, raba ya chini ya tangi haizibi.

Unyevu wa ardhini hupanda kutoka kwenye msingi. Ni mkanda mrefu chini ya ukuta, kwa kawaida haupiti sana mita 1, na kwenye ukingo wake wa juu utaona unga mweupe. Huo ni chumvi iliyobebwa na maji na kuachwa maji yalipokauka. Kabla hujabomoa lipu, toka nje. Je, udongo, sakafu ya nje au bustani ya maua imepanda juu ya ile karatasi ya kuzuia unyevu iliyowekwa wakati wa kujenga? Kanuni inayofuatwa na wajenzi wengi ni kwamba ardhi ya nje iwe chini ya karatasi hiyo kwa milimita 150 hivi. Nimeona kuta zilizokuwa zimepangiwa kubomolewa zikakauka zenyewe baada ya mtu kuondoa udongo kwa sepetu.

Njia ya nne ndiyo isiyoaminika, kwa sababu maji yenyewe hayaonekani. Tunapika, tunaoga, tunaanika nguo ndani, tunapumua usiku kucha madirisha yamefungwa. Mvuke huo ukigusa ukuta wa baridi hugeuka maji. Utaona kuvu nyeusi kwenye pembe za chumba, nyuma ya kabati, juu ya dirisha. Ukitaka kujua kama ni mvuke au ukuta wenyewe una maji, kata kipande cha plastiki angavu chenye ukubwa wa ukurasa wa daftari, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne hewa isipite, ukiache siku moja au mbili. Maji yakijikusanya upande wa nje, unaoelekea chumbani, ni mvuke: fungua madirisha, sogeza kabati, weka feni ya kutoa hewa bafuni. Yakijikusanya upande wa nyuma, ukuta ndio unaoyatoa, na kazi inakuwa nyingine kabisa.

Kuvu ikishaota na ukataka kuiosha, tafadhali sana: dawa ya klorini ya kufulia isichanganywe kamwe na siki, na tindikali ya kuoshea choo, wala na kitu chochote chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, na bafu ni chumba kidogo.

Kwa wenye nyumba za zamani zilizojengwa kwa chokaa nina neno moja zaidi. Chokaa hupumua: ukuta hunywa unyevu kidogo na kuutoa. Ukiuvisha lipu nzito ya saruji, unyevu hubaki ndani, jiwe au tofali linaanza kumeguka nyuma ya lipu, na nje hakuna kinachoonekana mpaka siku lipu yote inapoanguka. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hati ya ubunifu huko Uingereza mwaka 1824, ni kitu kizuri. Lakini nyumba nyingi zilisimama kwa chokaa karne nyingi kabla yake, na zinahitaji kutengenezwa kwa kile zilichojengewa.

Sasa nyufa. Sote tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naiheshimu methali hiyo, lakini nimeona watu walioziba ufa na wakajenga ukuta vilevile, kwa sababu waliziba jicho la nyumba lililokuwa likiwaonyesha kwamba msingi unahama.

Ufa mwembamba kama unywele, unaotawanyika huku na huko juu ya lipu, kwa kawaida ni lipu iliyokauka haraka mno. Zibeni, mpake rangi, mlale. Ufa unaotoka kwenye pembe ya mlango au dirisha na kupanda mshazari, au unaofuata viungo vya matofali kama ngazi, au ulio mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, huo unasema kitu kinasogea. Na ufa ulionyooka kwenye nguzo au boriti ya zege, wenye madoa ya kutu, unasema maji yamefikia nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo nondo inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Lipu juu yake ni sawa na kumvisha mgonjwa shati jipya.

Unajuaje kama ufa bado unatembea? Chukua penseli. Chora mstari mfupi unaokata ufa, mahali patatu, na uandike tarehe pembeni. Weka alama pia kwenye ncha mbili za ufa, pale unapoishia. Pima upana kwa rula, piga picha rula ikiwa mahali pake, uache. Rudi baada ya mwezi, kisha baada ya msimu wa mvua, kisha baada ya kiangazi. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo kipimo cha wiki moja hakikwambii mengi. Ufa ambao ncha zake zimepita alama zako, au uliozidi milimita 5, usiuguse. Tafuta mhandisi wa majengo na umpe picha zako na tarehe zake. Utakuwa umemrahisishia kazi kweli, maana atakapokuja mara moja tu hawezi kuona kilichotokea katika miezi sita.

Nimesema mengi kuhusu kusubiri. Nisije nikaonekana nawakataza kazi. Kuna kazi ambazo nataka kila mtu humu azifanye mwenyewe, na ya kwanza ni bomba linalodondosha.

Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Hiyo inaweza kufika ndoo ya lita 20, kila siku. Na ndani ya bomba la kawaida la kuzungusha, tatizo huwa ni kiraba kidogo kuliko sarafu. Funga koki kuu, fungua bomba maji yaishe, kisha ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Kitambaa hicho kina kazi, maana skrubu ya kishikio ikidondoka haitatafuta mahali pengine pa kwenda. Zungushia kitambaa kingine kwenye meno ya spana usikwaruze bomba. Toa kishikio, fungua nati kubwa, chomoa kile chuma kinachozunguka. Kila unachokitoa kipange kwenye taulo kwa mfuatano, kutoka kushoto kwenda kulia. Wakati wa kurudisha utaanzia kulia.

Sasa shika kile kiraba cha zamani, na usikitupe. Kiangalie. Kama kina mfuo wa duara ulio sawa pande zote, kimezeeka kwa heshima. Weka kipya cha ukubwa uleule, kazi imekwisha. Lakini kama kimetafunwa upande mmoja, ingiza kidole ndani ya bomba, gusa ule mdomo wa shaba ambao kiraba hukalia. Utasikia kikwaruzo au kishimo. Kiraba kipya kitatafunwa hapohapo, na baada ya wiki chache utasema raba za siku hizi hazifai. Mdomo huo unasawazishwa kwa kifaa chake, au bomba linabadilishwa. Hata katika kitu kidogo kiasi hiki, chanzo kiko nyuma ya kile kinachoonekana.

Mkifunga viungo vya bomba vyenye nyuzi, ile tepu nyeupe izungusheni kuelekea upande mtakaokaza, ili kukaza kuikaze na si kuifungua. Mizunguko michache inatosha. Tepu hiyo imetengenezwa kwa kemikali iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa Marekani aliyekuwa akishughulika na gesi za majokofu. Huteleza kuliko karibu kitu chochote, na ndiyo maana nyuzi hukaa sawasawa chini yake.

Bomba, kitasa kinachogoma, bawaba ya mlango iliyolegea, kigae kimoja kilichopasuka, kupaka rangi chumba, kuziba pembe za bafu kwa silikoni baada ya kuitoa yote ya zamani: hizi ni kazi zenu. Ukikosea, unarudia, na hakuna anayeumia.

Umeme haurudiwi, kwa hiyo nitawaambia wazi. Katika nchi nyingi sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kutandika nyaya, na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Palipo na ruhusa ya kubadilisha swichi au soketi, zima swichi kuu, mwambie kila aliye nyumbani, na uweke karatasi juu yake isiwashwe. Kisha pima. Testa ijaribuni kwanza mahali mnapojua pana umeme kabla hamjazima, kisha ipimeni pale mtakapofanyia kazi, kisha irudisheni tena penye umeme, kwenye chanzo kingine. Ile mara ya tatu ndiyo inayoachwa, na ndiyo inayokwambia kama testa yenyewe haikufa katikati.

Na fyuzi au kikata umeme kinachoanguka kila mara, msikibadilishe kwa kikubwa zaidi. Kipo pale kuulinda waya. Waya wa milimita za mraba 1.5 uliokusudiwa taa hauna uwezo wa kubeba kinachobebwa na wa 2.5 wa soketi. Ukiondoa mlinzi, waya unapata moto ndani ya ukuta au juu ya dari, penye mbao, usiku. Kikianguka, kinakuita utafute sababu. Kama nyumba yenu haina kile kikata umeme kinachohisi umeme unaopotea, chenye kiwango cha miliampia 30, hilo liwe la kwanza kumwomba fundi umeme mwenye leseni, kabla ya vigae na kabla ya rangi.

Gesi nayo ni hivyohivyo. Kupima kiungo kwa povu la sabuni ni kazi yako. Kukata na kuunga bomba lake ni ya mwenye leseni. Ukuta unaotaka kuuondoa ili sebule iwe kubwa, usiuguse mpaka anayejua majengo akuambie umebeba nini. Kuugonga na kusikiliza hakutoshi.

Kuna hatari nyingine ambayo haina kelele, na hii naomba wenye watoto wadogo waisikilize vizuri. Ni vumbi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe, ule unga wa risasi uliotiwa kwenye rangi, katika upakaji rangi wa ndani ya majengo, ila Marekani, kwa mfano, ilikuja kupiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, na kuna nchi ambazo ziliendelea kuziuza baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Rangi hiyo ikikaa ukutani bila kubanduka, madhara yake ni madogo. Ukiipiga msasa mkavu, unaigeuza vumbi linalotua sakafuni, kwenye godoro na mikononi mwa mtoto anayetambaa. Kama nyumba ni ya zamani na huijui historia yake, peleka kipande cha rangi kikapimwe. Usiposubiri majibu, basi lowesha kabla ya kukwangua, tandaza plastiki, funga mlango, vaa barakoa ya kuchuja vumbi na si ya kitambaa, na watoto walale pengine hadi uoshe kila kitu kwa maji.

Asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi, ni jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Karatasi zake za paa na dari zilitumika sana katika karne ya 20. Ikiwa nzima, iacheni. Msiitoboe, msiikate, msiifagie ikivunjika. Nyuzi zake hukaa mapafuni, na ugonjwa hujitokeza miongo kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka ile siku ya kutoboa dari.

Niseme sasa kwa wale wanaopanga ukarabati mkubwa, kwa sababu hasara nyingi zinatokana na mpangilio mbaya wa kazi kuliko ubaya wa kazi yenyewe. Maji yatangulie: paa, gata, mifereji. Kisha kila kinachobeba nyumba. Kisha mabomba na nyaya zinazoingia ukutani. Kisha lipu, dari, kuta, na sakafu karibu mwisho. Anayeanza na sakafu nzuri atapita juu yake na ngazi, na ndoo za zege, na viatu vyenye kokoto.

Kabla ya kufunika mabomba, yajazeni maji, myaache na shinikizo usiku mzima, na asubuhi mguse kila kiungo kwa karatasi kavu ya choo. Karatasi inaona tone ambalo jicho halioni. Kisha piga picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye pembe ya chumba. Picha isiyo na kipimo itakuambia kuna bomba, haitakuambia liko wapi. Siku mtakayotaka kutundika rafu ndipo mtakapoishukuru picha hiyo.

Bafuni, sakafu iteremke kuelekea tundu la maji angalau sentimita 1 kwa kila mita. Tabaka la kuzuia maji likishakauka, na kabla ya kigae hata kimoja, zibeni tundu, mjaze maji ya sentimita chache, mchore mstari wa penseli kwenye usawa wake, myaache saa 24. Mkiona yameshuka sana chini ya mstari, au dari ya chini imelowa, mmebahatika kugundua leo. Kigae na grauti, ule ujazo wa kati ya vigae, havizuii maji, vinapendeza tu.

Zege na lipu vinahitaji maji baada ya kazi. Saruji haikauki kama nguo, hukomaa kwa kuungana na maji, na ukiinyima siku za kwanza itapasuka na kutoa unga. Loweshani kwa siku 7 angalau. Nguvu yake hupimwa kwa kawaida ikitimiza siku 28, na rangi juu ya lipu mpya isubiri mwezi hivi. Najua huu ndio ushauri unaovunjwa kuliko yote, kwa sababu familia inataka kuhamia. Hata hivyo nitaurudia kila ninapopewa nafasi. Na glavu zivaliwe: saruji mbichi huchoma ngozi polepole, na wengi huhisi maumivu baada ya saa kadhaa.

Mwisho, mkilazimika kumwita fundi, mwiteni mkiwa mmeshachunguza. Msimwambie, "Njoo unipakie rangi." Mwambieni doa lilianza lini, linakua wakati gani, mita ilisema nini, plastiki ililowa upande upi. Kisha mumuulize yeye anadhani chanzo ni nini, na atajuaje kwamba amekosea. Fundi mzuri atafurahia swali hilo na atakaa chini kuzungumza nanyi. Anayetaja bei kabla ya kuangalia juu ya dari, mshukuruni na mtafute mwingine.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Tuna muda wa maswali kabla ya kwenda mezani, na ningependa tuanze na wale waliokuja na picha za nyufa kwenye simu zao.